Jora la krimu lilipoisha

Sare za harusi ya binamu yangu zilikuwa kumi na mbili, na jora likatosha saba. Fundi alikuwa amepiga hesabu vizuri, lakini msichana mmoja akaongeza mikono mirefu, mwingine akataka gauni limwagike chini, na satini ikamalizika hali magauni matano hayajakatwa. Tukarudi Darajani, sokoni mjini Zanzibar, jioni ileile. Duka lilelile, rafu ileile, na muuzaji yuleyule akatushushia jora jingine la krimu lenye karatasi ya kiwanda kilekile. Tukalaza kipande chetu juu yake chini ya taa, tukakitazama watu wanne, hakuna aliyeona tofauti.

Asubuhi ya kupiga picha, wasichana kumi na wawili walitoka uani, juani. Saba walikuwa wamevaa rangi ya maziwa. Watano walikuwa wamevaa rangi ya samli.

Niliuona uso wa bi harusi ukibadilika. Wangevaa nusu buluu na nusu njano, watu wangesema ndivyo walivyopenda. Lakini maziwa na samli! Kila aliyetazama alijua kwamba nguo zile zilitakiwa ziwe kitu kimoja, zikashindwa kwa kiasi kidogo tu, na kile kidogo ndicho kilichouma.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakupiga kelele. Aliwapanga upya wale wasichana, maziwa, samli, maziwa, samli, akarudi nyuma hadi ukutani, akatazama, akatikisa kichwa. Kisha akanitia pesa mkononi akaniambia nikimbie Darajani nikalete mitandio kumi na miwili ya shifoni rangi ya hudhurungi, iliyokolea kuliko samli lakini isifike kwenye kahawa. Nilipomuuliza ya nini, akasema: "Mbili zinagombana. Lete ya tatu izisuluhishe."

Mitandio ilipofika na kutupwa mabegani, magauni yaleyale yaliyokuwa kosa saa moja kabla yakawa ngazi. Maziwa, samli, hudhurungi. Jicho likapata pa kupandia na pa kushukia. Usiku ule wageni watatu walimwendea mama wa bi harusi kumuuliza ni nani aliyebuni zile sare.

Nimeishi na tukio hilo miaka mingi. Limeamua ninavyovaa, ninavyopamba nyumba yangu, na namna ninavyotazama vitu vya watu wa pwani walionilea. Nimekuja kuamini kwamba kupanga rangi zinazokaribiana ni kazi ngumu kuliko kupanga rangi zinazopingana. Nyekundu kando ya nyeusi inajieleza yenyewe. Kanga ya kisutu inaonekana tangu mwisho wa kichochoro. Lakini ukiweka nyeupe juu ya nyeupe, lazima uwe umefikiri juu ya mwanga, juu ya uzi, na juu ya umbali ambao mtu atasimama akitazama.

Nianze na jora, maana watu wengi bado humlaumu muuzaji. Kitambaa hutiwa rangi kwa mkupuo. Kiwanda kinapika rangi, kinazamisha kiasi fulani cha nguo, kinamaliza, kisha kinaanza upya. Maji ya mkupuo wa pili yakiwa na joto tofauti kidogo, au pamba yenyewe ikiwa imetoka shamba jingine, rangi inatoka jirani ya ile ya kwanza, wala si yenyewe. Ndiyo maana vibandiko vya nyuzi za kufumia huwa na namba ya mkupuo pamoja na namba ya rangi, na anayefuma sweta hununua mabonge yote siku moja. Kitambaa cha rejareja kikishatolewa kwenye karatasi yake hakina kumbukumbu hiyo.

Halafu kuna taa. Vitu viwili vinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya duka na kuachana juani, kwa sababu rangi zake zimetengenezwa kwa michanganyiko tofauti, na taa ile haikuwa na mwanga wa kutosha wa kila aina wa kuzitenganisha. Nyeupe ndizo mbaya zaidi kwa hili. Vitambaa vingi vyeupe vya siku hizi, na sabuni nyingi za unga, vina dawa ya kung'arisha inayopokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Ndani ya duka miale hiyo ni michache, dawa imelala. Ukitoka nje inaamka.

Bibi yangu hakuwa na maelezo hayo, lakini alikuwa na kanuni: uzi hautazamwi dukani. Alikuwa akishona kofia za vito, zile ambazo ndugu zetu wa Lamu huziita kofia za viua kwa sababu ya vitundu vyake, na alikuwa na mkono unaojulikana mtaani kwetu. Akienda kununua uzi mweupe, alikuwa akiomba ruhusa ya kutoka nao hadi barazani, na kipande cha bafta, ile pamba nyeupe laini, mfukoni. Aliushika uzi juu ya bafta kwenye kivuli, kisha kwenye jua, kisha tena kwenye kivuli. Mara nyingi aliurudisha. "Huu umezidi buluu," alisema, au, "Huu una manjano ndani." Mimi mtoto nilikuwa naona uzi mweupe na kitambaa cheupe.

Kofia ile ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kitambaa kimekunjwa kikawa pande mbili, na kati ya mishono hutobolewa vitundu vidogo sana ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja iliyo nzuri huchukua miezi. Na ile inayothaminiwa kuliko zote, ya kuvaliwa Ijumaa na Idi, ni nyeupe kwa uzi mweupe. Nilimuuliza bibi siku moja kwa nini ajitese hivyo, kwa nini asitumie uzi wa kahawia kama wengine ili kazi ionekane. Alinijibu kwamba kazi inaonekana, ila kuna watu imeshonwa kwa ajili yao. Mtu akipita barabarani ataona kofia nyeupe. Anayesali safu ya nyuma ndiye ataona maua.

Kinachoyaonyesha maua hayo si rangi. Uzi umesimama juu ya kitambaa kwa unene wa ukucha, mwanga unapiga upande mmoja, na upande wa pili kunabaki kivuli chembamba. Kila kitundu nacho kina giza lake dogo ndani. Lakini uzi ukiwa mweupe wa namna nyingine, wenye manjano zaidi kuliko bafta, jicho linaishika ile manjano kwanza na vivuli vinapotea. Bibi alikuwa anatafuta uzi ambao ungekaa kimya ili kivuli kiseme.

Kofia hiyohiyo imevuka bahari. Waomani wanayo yao, kumma, na wengi wao wanakubali kwamba asili yake ni huku kwetu, jambo lisiloshangaza ukikumbuka jinsi Zanzibar na Muscat zilivyokuwa chini ya utawala mmoja karne ya 19. Mjomba wangu anayeishi Muscat huvaa kanzu ya Kiomani yenye kile kishada shingoni, furakha, kinachochovywa manukato, na rangi ya kishada chake huwa hatua moja tu kutoka kwenye rangi ya kanzu. Kanzu ya maziwa, kishada cha mchanga. Anasema kishada kikipiga kelele, watu huangalia kishada badala ya kunusa udi.

Nimesikia mara nyingi kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Wanasema tuna nyeupe, nyeusi na nyekundu tu zinazokubali viambishi, yaani kitabu cheusi, nyumba nyeupe, na zilizobaki ni za kuazima na kuelezea. Mimi naona utajiri uko hapohapo kwenye kuelezea. Tunasema rangi ya kitu: ya maziwa, ya samli, ya tui, ya pembe, ya majivu, ya udongo, maji ya kunde, damu ya mzee. Mtu akiniambia krimu, ninaweza kufikiria vitambaa ishirini. Akiniambia tui zito, najua kabisa, na najua pia kwamba tui jepesi liko jirani yake likielekea buluu kidogo. Lugha inayozitaja rangi kwa vitu vya jikoni inamfundisha msemaji wake kutofautisha vitu vinavyokaribiana, maana hakuna mpishi anayechanganya samli na siagi.

Hudhurungi yenyewe ilikuwa nguo kabla ya kuwa rangi. Kamusi za zamani zinaitaja kama kitambaa cha pamba cha rangi ya mchanga kilichoshonewa kanzu. Kilikuwa pamoja na bafta, nyeupe na laini, na melikani, pamba isiyong'arishwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kitambaa kile kikaingia barani hadi mbali, kikachukua jina la nchi yake. Melikani mpya ilikuwa na rangi ya unga wa mtama, na kila ilipofuliwa na kuanikwa ilisogea kuelekea weupe. Fikiria basi ukumbi wa wanaume wa wakati ule: bafta, melikani mpya, melikani ya miaka mitatu, hudhurungi. Wote walivaa kanzu, na hakuna mbili zilizokuwa sawa. Ingawa hakuna aliyewapanga, naamini walipendeza.

Katika kutafuta nilikuja kujua habari za Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyewekwa kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha Gobelins mjini Paris, walikofuma mazulia ya kutundika ukutani. Walimletea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zao hazikolei. Alizipima akaona hazina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa jirani: nyeusi ilikuwa imewekwa kando ya buluu na zambarau, na rangi hizo ziliifanya ionekane imepauka. Mwaka 1839 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Niliposoma hivyo nilimkumbuka shangazi ukutani, akitikisa kichwa. Hakuna gauni lililokuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni ujirani, na ujirani unatengenezeka.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa gharama nilipohamia Dar es Salaam. Nilitaka sebule nyeupe. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ya chokaa, na nyeupe kwangu ilikuwa ndiyo nyumbani. Nikanunua rangi ya maji nyeupe kabisa, iliyo nyeupe kuliko zote dukani, nikapaka kuta nne. Nikatundika mapazia ya pamba ya krimu niliyopewa na mama. Nikavisha makochi vitambaa vyeupe vya kwangu. Nilipomaliza nilikaa chini nikaona chumba kichafu. Mapazia ya mama, safi, yaliyopigwa pasi asubuhi ile, yalionekana kama ya mtu asiyefua. Kuta zilikuwa zinaelekea buluu, na kando yake krimu haikuwa na njia ila kuwa njano.

Nilikaa na chumba kile miezi sita nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza. Kisha nikasafiri kwenda Lamu.

Ukiwa Lamu, ingia katika nyumba ya zamani, mojawapo ya zile za mawe za karne ya 18. Mji wenyewe ulitiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wetu. Unapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, unafika kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, halafu vyumba vinafuatana kama mapande ya mkate, virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wao uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazipiti sana mita tatu. Kimojawapo cha vyumba vya nyuma huitwa ndani, na ukuta wake una zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, pembeni mwake nakshi za majani na mistari. Vyote ni vyeupe. Hakuna tone la rangi.

Nilisimama pale nikajiuliza kwa nini weupe huu haunichoshi. Mlinzi alinipa kiti. Nikakaa.

Kwanza, mwanga. Hakuna dirisha linalotazama jua. Mwanga unaingia kwenye kiwanda kutoka juu, unageuka, unapita misana, vile vyumba virefu vinavyofuata kiwanda, na ukifika ndani unakuja kwa ubavu, chini chini, ukiparuza ukuta. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu la saa sita linasimama utosini na kufuta kila kivuli, na mtu anayechonga nyeupe juu ya nyeupe akaiweka mahali pa jua hilo amepoteza kazi yake. Wale mafundi walichonga kwa mwanga wa ubavu. Kila ukingo wa kidaka una upande wa maziwa na upande wa majivu, na kadiri unavyozama ndani ndivyo weupe unavyokwenda kwenye kijivu, kisha kwenye kitu kinachokaribia samawati. Nilihesabu nyeupe sita kwenye ukuta mmoja, na zote ni chokaa ileile.

Pili, chokaa yenyewe. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu, yakamwagiwa maji, yakakaa. Ukiipaka mbichi, inaonekana kama maji tu, kijivu na nyepesi, na fundi asiyejua huongeza na kuharibu. Weupe unakuja baadaye, siku baada ya siku, chokaa inapovuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kwa sababu kila mkono wa brashi umekauka kwa kasi yake, ukuta hauwi na weupe mmoja hata siku ya kwanza. Una mawingu. Rangi ya maji ya dukani imetengenezwa ili isiwe na mawingu, na mimi nilikuwa nimenunua iliyo tambarare kuliko zote.

Niliporudi sikubadilisha mapazia. Nilibadilisha kuta. Nilichukua mbao sita ndogo nikazipaka nyeupe sita tofauti, nikaziegemeza kwenye kila ukuta kwa siku tano, nikizitazama saa moja asubuhi, saa saba, saa kumi na moja na usiku kwa taa. Nilichora alama kwenye daftari, kwa sababu jicho halikumbuki rangi. Linalinganisha vizuri sana vitu viwili vilivyogusana, lakini ukikitoa kimoja ukaenda nacho dukani kwa kukumbuka tu, utarudi na kitu kingine. Nilichagua ile iliyokuwa na tone la udongo ndani. Kwenye ubao ilionekana imefifia mno. Kwenye kuta nne, zikirudishiana mwanga, ikakolea kuliko nilivyotarajia, nikashukuru kwamba sikuchagua iliyoizidi.

Kisha nikaleta ya tatu. Nilitandika mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Mkeka wa namna hiyo ni somo kamili la rangi zinazokaribiana, na tunaukalia kila siku bila kuusoma. Umesukwa kwa miyaa ya aina moja, ikawa ukili, na ukili ukashonwa kando kwa kando. Ila kila muyaa umelala kuelekea upande wake, kwa hiyo mmoja unang'aa na jirani yake umekuwa na kivuli. Ukizunguka chumba, mistari inabadilishana. Juu ya mkeka nikaweka mito miwili ya hudhurungi, na mmoja wa kahawia. Mapazia ya mama yaliacha kuwa njano siku hiyohiyo, na hakuna aliyeyafua.

Mambo haya hayahusu nyeupe peke yake. Nyeusi ni ngumu zaidi, na kila mwanamke wa pwani anajua, maana amesimama mlangoni amevaa buibui, na ushungi wake ukakataa kufanana nalo. Hakuna nyeusi moja. Ipo inayoelekea kahawia, ipo inayoelekea buluu, ipo ya kijani, na jua linazipeleka mbali zaidi, kwani nyeusi ya bei rahisi ikichujuka huishia kwenye rangi ya kutu. Nimeacha kabisa kutafuta nyeusi zinazolingana. Ninachofanya ni kubadilisha kitambaa: buibui la krepu lisilong'aa, ushungi wa shifoni unaopitisha mwanga, labda ukingo wa satini mkononi. Kitambaa kinene kinakunywa mwanga, satini inaurudisha, na jicho linapoona tofauti ya ufumaji linaacha kuuliza juu ya tofauti ya rangi. Mashono bora kabisa ya nyeusi juu ya nyeusi hufuata njia ileile ya bibi na kofia yake: uzi wa kung'aa kwenye kitambaa kilichofifia, ua likionekana mvaaji anapogeuka.

Nina neno pia juu ya rangi ya mwili. Kwa miaka mingi vitu vilivyouzwa kwetu kwa jina hilo, soksi ndefu, sidiria, fulana za ndani, vilikuwa vya rangi ya mwili wa mtu mwingine, mwekundu kidogo na mwepesi, na tukavinunua. Mwili ni sehemu ya mpango wa rangi. Ngozi yangu ni maji ya kunde yaliyokolea, na nilipoanza kuitazama kama ninavyotazama kitambaa, niligundua kwamba nguo zilizonipendeza kuliko zote zilikuwa jirani zake: mdalasini, karafuu kavu, udongo wa bondeni, gome la mnazi. Dada yangu, aliye mweusi wa kung'aa, anavaa zambarau iliyoiva na buluu ya usiku, na huwezi kujua nguo inaanzia wapi. Tulilelewa kuamini kwamba mtu mweusi avae rangi kali ili aonekane. Nimeliacha wazo hilo, na natamani wasichana wa leo wasilibebe.

Nikisema karafuu namaanisha jambo ninalolikumbuka kwa macho. Upande wa mama ni Pemba, na msimu ukifika karafuu zilianikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Karafuu zinazochumwa huwa za kijani zikianza kuwa na wekundu wa haya. Siku ya kwanza jamvi ni la kijani na waridi. Siku ya pili linaelekea kwenye shaba. Likipigwa jua siku nne au tano linafika kwenye kahawia ile nzito yenye wekundu kwa ndani. Lakini hazichumwi siku moja, kwa hiyo uani kulikuwa na majamvi manne, matano, kila moja siku moja nyuma ya jirani yake, na makonyo yake pembeni, mepesi zaidi. Sijaona kitambaa kilichopangwa vizuri kuliko ule uani. Zulia la chumba changu cha kulala, mashuka yake na kitambaa cha kitandani nimevichagua kwa kukumbuka majamvi ya siku ya tatu, ya nne na ya tano.

Njia hii ina udhaifu wake, na nimeuona. Kwenye picha za simu inapotea. Kamera inasawazisha kila kitu na nyeupe zako sita zinakuwa moja. Kwenye ukumbi wa taa za rangi usijisumbue. Na mgeni wa haraka ataingia sebuleni kwako na kuuliza utamalizia lini kupamba. Lakini akikaa, akanywa chai, akanyoosha mguu kwenye mkeka, utamwona anaanza kutazama ukuta.

Shangazi alikuja kukaa kwangu mwaka huu kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwa muda mrefu tulikuwa tumeona anachagua vitu vyeupe sana, vikali, tofauti na tulivyomjua, na bado analalamika kwamba havijatakata. Madaktari wakafanya jicho la kulia kwanza. Asubuhi walipomtoa bandeji na nikamrudisha nyumbani, alikaa kitandani akashika shuka, akalivuta karibu, akauliza kwa hasira kidogo: "Nani kalitia nili shuka hili?"

Hakuna aliyelitia nili. Lenzi ya jicho huwa njano kadiri tunavyozeeka, na ya mwenye mtoto wa jicho zaidi, taratibu kiasi kwamba mwenyewe hajui. Ikitolewa na kuwekwa mpya, nyeupe zote zinaruka kuelekea buluu. Nilimweleza. Akafumba jicho la kushoto, akalitazama shuka. "Maziwa," akasema. Akafungua, akafumba la kulia. Akakaa hivyo muda mrefu. "Samli."

Akaniomba nimletee vile vipande vya vitambaa ninavyovikusanya kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nikasogeza kiti chake dirishani, na akaanza kuvipitia kimoja kimoja, jicho moja kwanza, kisha jingine, akivitenga mapajani mwake mafungu matatu.